Mama Ameketi

Kilichoninyima usingizi ni kwamba mama alikuwa ameketi.

Mtu mwingine angeiona picha ile kwenye simu na kumshukuru Mungu. Mwanamke aliyepita miaka sitini, ameketi kwenye kiti cha plastiki katika nyumba ya wamisheni kusini mwa Malawi, anatabasamu, na nyuma yake mume wake anapita ameshika sufuria. Mimi niliiona nikaanza kuhesabu mabaya. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiketi maji yakiwa motoni, na baba sikuwahi kumwona ameshika sufuria hata ya kuhamisha. Kama watu hao wawili wamebadilishana mahali, nilijiambia, basi mmoja wao hawezi tena kusimama.

Nieleze baba yangu ni mtu wa aina gani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na mzee wa kanisa hata baada ya kustaafu. Nyumbani kwetu Nakuru, mtaa wa Section 58, alikuwa na kiti chake kinachotazama mlango, na chai ilimfuata hapo. Akishikwa na kiu hakuitisha maji. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua habari za mahali, "Kuna maji hapa?" na mmoja wetu akainuka. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo wazee wenzake walivyoishi, na mama hakuwahi kulalamika mbele yetu.

Kanisa letu lilipotafuta wazee wastaafu, waliokwisha kulipa karo za watoto, waende kuhudumu nje ya nchi, hao wawili waliinua mikono. Baba angewafundisha vijana wahubiri kusoma na kuandaa masomo. Mama angekaa na akina mama, awafundishe kushona na kuwatembelea wagonjwa. Tuliwasindikiza hadi kwenye basi kwa maombi na nyimbo. Mama alibeba katoni ya majani ya chai kwa sababu hakuamini chai ya ugenini, na kumbe alikuwa anakwenda kuishi katikati ya mashamba ya chai.

Walisema mwaka mmoja. Wangerudi Agosti.

Mimi ndiye kitinda mimba. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, digrii ya ualimu, na serikali haikuwa imeniajiri. Nikaachwa nilinde nyumba na kuku. Halafu mwezi wa sita shule moja ya Gilgil ikaniita nikafundishe historia, niajiriwe na bodi ya shule, nianze muhula wa tatu. Mwalimu mkuu wa huko, mama mmoja mwenye sauti ya kipaza sauti, alitaka jibu kabla shule hazijafungwa. Nikamwambia anipe muda.

Muda wa nini? Wa mama. Kama mama alikuwa mgonjwa, wa kumuuguza nilikuwa mimi. Dada yangu ana mume, watoto na duka la nafaka Rongai. Mimi nilikuwa na cheti tu, na cheti hakilii kikiachwa. Kwetu, binti asiye na mume wala kazi ni muuguzi anayesubiri mgonjwa. Kwa hiyo nilipaswa kujua ukweli kabla ya kujibu, na ukweli niliona unafichwa.

Walipiga simu ya video kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa saba baba akatangaza, "Kanisa limetuomba tuongeze mwaka mmoja." Alisema vizuri, kwa sauti ya matangazo. Mama hakunitazama. Alitazama meza.

Tangu siku hiyo nikawa naiangalia ile simu kama askari wa kizuizi cha barabarani. Niliona uso wa mama umepungua. Niliona baba amejifunga leso kiunoni, ile ya kijani yenye maua, ya mama. Niliona kila Jumapili mama ameketi pale pale.

"Mama, hebu simama nikuone," nikamwambia siku moja.

"Kwani mimi ni kwaya?"

"Simama kidogo tu."

"Nimechoka, mami. Jana tumeshinda kwa wagonjwa."

Wagonjwa. Nililishika neno hilo nikakaa nalo wiki nzima. Mtu akitaka kuficha jambo hulisogeza kidogo tu kando, hampeleki msikilizaji mbali. Huenda hakuwa ameshinda kwa wagonjwa. Huenda alikuwa ameshinda miongoni mwao.

Nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta nje ya kanisa akisimamia mafundi wa rangi, amevaa kofia ya gazeti kichwani ili asidondokewe.

"Mchungaji, ni nani aliyeomba wazazi wangu waongezewe mwaka?"

"Kwani hawakukuambia?"

Aliyejibu swali kwa swali, kwangu mimi tayari ni shahidi. Nikanyamaza ili anyamaze naye, na watu hawapendi kunyamaza mbele ya mafundi.

"Sisi tulikuwa tumeandaa mapokezi," akasema hatimaye. "Hata kwaya ilishaanza mazoezi. Wao ndio walioomba kubaki."

"Kwa nini?"

"Binti yangu, mimi siingii nyumba ya watu kwa dirisha. Waulize."

Kwa hiyo baba alikuwa amedanganya. Baba, aliyewahi kunirudisha dukani usiku kwa sababu nilisema nimeagizwa na hakuna aliyeniagiza. Mtu kama huyo hadanganyi kwa raha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeshapata jibu: mama hawezi kusafiri. Kiharusi. Au sukari imemla mguu. Nilipofika getini nilikuwa nimeshachagua chumba cha kumlaza, kile cha mbele, kwa sababu hakina ngazi.

Siku iliyofuata nikaenda Rongai. Dada alikuwa dukani akipima mahindi kwa gorogoro, yale makopo ya kilo mbili, na mteja mmoja mzee akimtazama mkono kama mwamuzi.

"Mama amepata kiharusi," nikasema.

Gorogoro likabaki ndani ya gunia. "Nani amekwambia?"

"Baba anapika."

Dada alinitazama, akamtazama mzee, kisha akacheka mpaka yule mzee naye akacheka bila kujua habari ni ya nani.

"Profesa! Baba akipika ndio mama ana kiharusi?"

"Wewe ulimwona lini akipika?"

"Sijawahi."

"Amevaa leso."

"Gani?"

"Ya mama. Ya kijani."

Hapo akakaa juu ya gunia. "Ile ya maua?"

"Ile ya maua."

Kwa muda mfupi nilikuwa nimempata. Niliona uso wake ukihama kutoka kwenye kicheko kwenda kule nilikokuwa mimi tangu nilipoiona ile picha. Lakini dada yangu hakai mahali kama pale. Akainuka, akajipangusa unga.

"Sikiza. Wewe kuku akipiga chafya unamchimbia kaburi. Ile shule ya Gilgil umewajibu?"

"Nitawajibuje na mama—"

"Nilijua! Unamtafutia mama ugonjwa ndio upate kazi ya kumuuguza."

Yule mzee akasema, "Haki, hiyo ni ngumu," akachukua mahindi yake akatoka.

Nilikasirika mpaka nikaanza kumshuku na yeye. Alikuwa ametulia mno. Labda wameshamwambia. Labda wamekubaliana mdogo asiambiwe, kwa sababu mdogo huwaza sana. Nilikuwa nimefika barabarani aliponifuata na mfuko wa maharagwe.

"Kama unataka kuwashika," akasema, "wapigie siku ambayo hawajajipanga. Jumapili watu wa kanisa wote ni wazima."

Nikapiga Jumatano jioni, nikiwa jikoni kwetu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Baba akashika. Kwanza likaja sikio lake, kisha dari, kisha uso.

"Msichana wangu! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mama yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka na nani?"

"Ala! Ngoja kidogo, kuna kitu kinaungua."

Akaiweka simu mahali, bila kuikata. Nikaona ukuta, jiko la makaa, nusu ya mlango, na mgongo wa baba ulioinama. Leso ilikuwa palepale. Nilikuwa nikijiandaa kuuliza jina la hospitali mlango ulipofunguka na mama akaingia.

Aliingia akitembea. Alikuwa na kikapu mkononi na jasho usoni, na alikuwa ameanza kuongea kabla hajafika.

"Wale wanawake wataniua kwa kicheko. Ati naitamka lugha yao kama mtu anayefukuza nyani." Akavua viatu kwa kuvisukuma, kimoja kikaenda chini ya meza, akaketi kwenye kile kiti na kunyoosha miguu. Yote miwili. "Chai iko?"

"Iko. Usiinuke."

"Nani anainuka?"

Baba akamletea kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayebeba kitu cha kuazima. Mama akanywa, akanusa hewa.

"Maharagwe umeyaunguza tena."

"Yameshika chini tu."

"Na kushika chini ni nini kama si kuungua, mwalimu mkuu?"

Wakacheka. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka pamoja wakiwa peke yao. Labda kwa sababu nyumbani hawakuwahi kuwa peke yao. Nilijua napaswa kukohoa. Sikukohoa.

"Tukirudi Nakuru utanipikia?" mama akauliza.

Baba akakuna sufuria kwa mwiko muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nakuru kuna watu."

"Watu gani?"

"Watu. Wazee wenzangu. Wasichana wako."

"Basi ndio maana mimi sina haraka." Akanywa tena. "Ila yule mdogo. Akijua ni sisi tulioomba kubaki, atasema tumemtupa."

"Mama," nikasema.

"Yesu wangu! Nani huyo?"

"Nilisahau," baba akasema. "Ni mtoto. Yuko kwa simu."

Uso wa mama ukajaa kwenye kioo. Nyuma yake baba alikuwa akihangaika na fundo la leso kiunoni. Mama akageuka. "Wacha hiyo leso, ameshaiona."

Nikaanzia nilikokuwa. "Mama, rudi nyuma nikuone miguu."

"Miguu imefanya nini?"

"Tembea tu."

Akatembea hadi mlangoni na kurudi, akazunguka kama anayejaribu nguo dukani. "Umeridhika, daktari?"

"Na mwili? Umepungua."

"Napanda vilima kila siku kwenda kwa watu. Ulitaka ninenepe?"

Baba ndiye aliyelisogelea lile jambo. Hakutumia sauti ya matangazo. "Nilikudanganya. Kanisa halikutuomba. Kazi ipo, hiyo ni kweli, vijana wangu hawajafika nusu ya masomo." Akaliachia fundo la leso. "Lakini si kazi peke yake."

"Niliolewa nikiwa mdogo kuliko wewe," mama akasema. "Nikaingia nyumba ya watu wengi, kisha mkaja nyinyi, kisha wageni wa kanisa. Kuketi na huyu mzee jikoni nimekuja kujua huku. Ningekwambiaje hiyo kwa simu, Jumapili? Na wewe kila ukipiga unauliza tunarudi lini. Tukaona huwezi peke yako."

Wao waliona mimi siwezi. Mimi niliona wao hawawezi. Tulikuwa tumelindana hivyo kwa wiki kadhaa, kila upande ukiwa na siri, na kuku ndio waliokuwa wakiishi maisha ya kawaida.

"Ile shule ya Gilgil ilisemaje?" mama akauliza.

"Nani alikuambia kuhusu Gilgil?"

"Dada yako. Tangu mwezi wa sita."

Angalau shaka moja ilikuwa ya kweli: walikuwa wakizungumza bila mimi. "Nimewaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, la ukweli kabisa, na jibu lenyewe lilikuwa limesimama mbele yangu kwa miguu miwili, kikombe mkononi, likiningojea niseme. Baba akarudi kwenye maharagwe.

Kesho yake asubuhi nikampigia yule mwalimu mkuu.

"Nilidhani umeolewa," akasema.

"Hapana, mwalimu. Nilidhani nina mgonjwa."

"Amepona?"

"Hakuwa mgonjwa."

"Sijui niseme pole au hongera. Njoo Jumatatu."

Dada alikuja Jumapili kuchukua kuku. Alinikuta sebuleni nikisukuma kile kiti cha baba, vitambaa vyake nimeshavikunja.

"Unakipeleka wapi?"

"Jikoni."

Hakucheka. Akashika upande wa pili, tukakibeba, na mlangoni kikakwama. Tukakigeuza ubavu, tukakirudisha, tukakiinua miguu juu. Mlango wa jikoni kwetu ulijengwa kwa mtu mmoja na sinia.

"Si uwaachie tu cha plastiki," dada akasema akihema.

Tukaweka cha plastiki jikoni, karibu na jiko, na kile kikubwa tukakiacha kwenye ujia kikitazama huko. Kuku wakaingia kwenye katoni kwa kelele zao. Nikampa dada ufunguo wa nyumba, yeye akanipa godoro dogo la mtoto wake, ambalo sasa halimtoshi.

Jumatatu nilibana kufuli mlangoni, nikafunga geti, nikafika mwisho wa barabara, nikashuku kwamba sikuzima gesi. Nilirudi. Ufunguo nilikuwa nimempa dada, kwa hiyo nilisimama dirishani nikachungulia mpaka nikaona mtungi umefungwa. Nilipoondoka mara ya pili sikugeuka, na kabla ya saa nne nilikuwa Gilgil, mbele ya darasa la kidato cha pili, nikiandika tarehe ubaoni.