Leso Niliyomfunga Mbavuni

Walimpiga ndugu yangu saa nne asubuhi, jua likiwaka, katikati ya soko la Gakoromone, mbele ya watu waliokuwa wakichagua kabeji. Nilikuwa nauza viazi upande wa pili. Kwanza nilisikia "Mwizi!", kisha mti ukigonga mwili. Sikujua ni yeye mpaka alipoita, "Mathe!" Amekuwa akiniita hivyo, yaani mama, tangu akiwa na miaka minne, mama yetu alipokufa nami nikaacha shule darasa la saba ili nimlee.

Nilipenya kwa viwiko. Mwanamume mmoja alikuwa na mpini wa jembe. Mwingine, amevaa gambuti za mpira, alikuwa akirukaruka juu ya mbavu za ndugu yangu kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba.

"Mama, toka hapo, utaumia!" akafoka mwenye mpini.

"Nipige mimi basi! Huyu ni mtoto wangu!"

"Mtoto wako ameiba gunia ya karoti!"

"Si gunia ndiyo ile nyuma yako, kipofu wewe!"

Akageuka. Gunia lilikuwa chini ya turubai, mahali ndugu yangu, mbeba magunia kama wao, alipolipanga alfajiri kabla ya kwenda kulewa. Hakuna aliyeomba msamaha. Yule wa gambuti alimpiga teke moja zaidi, nafikiri kwa aibu, kisha wakarudi kupakua lori.

Ndugu yangu alikataa hospitali. Alisema wataita polisi, na polisi wakisikia neno mwizi hawaulizi la pili. Kwa hiyo nikampeleka nyumbani na kufanya nilichomwona cucu, nyanya yetu, akimfanyia jirani aliyeanguka kutoka kwenye mti wa makadamia. Nilipasua leso vipande vipana, nikaweka goti mgongoni mwake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Alilia kuliko alivyolia sokoni.

"Usipumue sana," nikamwambia. "Na usikohoe, utazivunja mbavu tena."

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hajawahi kunitii juu ya pombe ya chang'aa, wala sigara, wala mtu yeyote aliyemleta nyumbani. Siku hiyo alinitii. Kikohozi kilipopanda alikaza meno, machozi yakimtoka, akakimeza.

Nilimvisha sweta mbili na kufunga dirisha, maana kwetu nimonia ni baridi, na ni ugonjwa wa watoto wachanga na wazee. Mwanamume anayebeba magunia angeipatia wapi? Rafiki yake alipomletea chang'aa kwenye chupa ya soda, nilimwachia anywe. Ilimlaza. Alilala chali, mdomo wazi, akikoroma kama maji yanayochemka, nami nikashukuru kwamba amepumzika.

Siku ya nne alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Midomo ilikuwa rangi ya jivu. Alitema kohozi la rangi ya kutu, akaanza kumsalimia mama yetu, ambaye sasa ana miaka ishirini na saba kaburini. Nilimpandisha pikipiki katikati yangu na dereva, nikamfunga kwangu kwa shuka, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Alichukua makasi akakata leso yangu toka juu hadi chini.

"Nani amefunga huyu mtu kama mzigo?"

"Ni mimi."

"Mbavu zikifungwa hivi, pafu halifunguki. Asipokohoa, uchafu unakaa chini na kuoza. Anavuta sigara?"

"Sana."

"Pombe?"

"Hata jana."

"Mlevi akilala, mate na matapishi yanateremka kifuani na hashtuki. Baridi haikumletea nimonia hii, mama. Kuna mtu kwenu aliyekufa na kifua?"

Nikamwambia juu ya mama, aliyekuwa na miaka thelathini na sita, na ule ugonjwa mwingine ambao wakati huo hatukuutaja kwa jina. Daktari alisema huo ndio uliokuwa umeuacha mwili wake bila ulinzi. Nikamwambia juu ya cucu pia, aliyepika kwa kuni maisha yake yote jikoni kusiko na dirisha. Cucu hakukohoa. Hakuwa hata na homa. Aliacha kula, akaanza kuniita kwa jina la mama, nasi tukasema ni uzee.

"Kwa wazee huja hivyo, kimyakimya," alisema. Alinikabidhi blanketi lililokunjwa. "Dawa nitamchoma mimi. Wewe mfanye akohoe, kila saa, akikumbatia hili. Asipokohoa, siwezi kukuahidi kitu."

Nilimkalisha, nikambana blanketi kifuani kwa mikono miwili.

"Kohoa."

"Niache, mathe. Inauma."

"Najua. Kohoa."

Alinipiga ngumi mdomoni. Jino liliingia kwenye mdomo, damu ikamwagikia blanketi. Sikulegeza mikono.

"Wewe si mathe wangu! Wewe ni kama wao!"

"Mimi ni kama wao. Kohoa!"

"Mama, unaua mtu!" alipiga kelele mzee wa kitanda cha pili.

"Kohoa basi, kijana, tupate amani!" mwingine akadakia.

Akakohoa. Nilihisi mifupa ikisogea chini ya blanketi, kitu kama vijiti ndani ya mfuko, nikataka kumwachilia. Kohozi la kutu likatoka, zito, nikalipokea kwenye karatasi. Akanilaani kwa Kimeru, maneno aliyoyajifunza kwa wapakiaji. Nikatazama saa ya ukutani, na ilipozunguka nikaanza upya. Tulipigana hivyo siku mbili. Alinipiga tena mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, nami nikahesabu nguvu hizo kuwa habari njema.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, usingizi ulinishika kwenye kiti. Niliamshwa na kikohozi. Ndugu yangu alikuwa ameketi peke yake, amelikumbatia blanketi, jasho likimtiririka, anakohoa na kulia na kukohoa tena. Alitema, akachungulia karatasi. Kohozi lilikuwa jeupe. Kisha akanitazama.

"Mathe, mdomo wako umefura."

"Nimeona. Kohoa tena."