Keki kwenye dirisha la wafiwa

Saa moja na robo asubuhi, mlango mkubwa bado umefungwa na walinzi wanamalizia chai yao nje. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anapita nyuma ya dirisha namba nne na kuketi kwenye kiti kisicho chake. Anawasha kompyuta, anasubiri, kisha anafungua mipangilio ya skrini na kushuka mpaka kwenye skrinseva, zile picha zinazojitokeza zenyewe kompyuta ikiachwa bila kuguswa. Kama alivyotarajia, yote aliyoyapanga jana yamefutwa.

"Wameshairudisha," anasema, wala hashangai. "Kila asubuhi wanairudisha, kila asubuhi naiondoa. Tuone nani atachoka."

Juu ya kisanduku cha mipangilio kuna mchoro wa kompyuta, mdogo kama kiberiti, na ndani yake picha zinapokezana. Mwanaume mwenye suti anakata utepe. Mwanaume huyohuyo anapeana mikono na watu waliojipanga mstari. Halafu anakata keki, kisu juu, maputo nyuma yake, kinywa wazi kwa kicheko. Chini yameandikwa maneno ya rangi ya chungwa: TABASAMU, UKO KATIKA MIKONO SALAMA.

Mwanamke huyo, fundi wa kompyuta wa ofisi hii, anafungua orodha. Yamo mapovu, yamo maandishi yanayozunguka, zimo picha. Anachagua Tupu, na ule mchoro mdogo unakuwa mweusi. Kwenye neno Subiri anafuta dakika moja, anaandika kumi. Anabonyeza Hakiki, kitufe kinachokuonyesha skrini itakavyokuwa ikiachwa bila kuguswa, kisha anaondoa mkono kwenye kipanya taratibu kama anayemlaza mtoto, maana ukikitikisa kidogo tu onyesho linakatika.

Anainuka, anatoka kwa mlango wa pembeni, anazunguka na kwenda kuketi upande wa pili wa kioo, kwenye kiti cha mteja. Skrini ya pili, ile inayomwelekea mteja, ni nyeusi tii.

"Hapo sawa," anasema.

Kwa kazi hiyo isiyozidi dakika nne, mama huyu ambaye wenzake wanamwita Mama Skrini ameshapewa barua ya onyo. Ijumaa hii ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, huu ni wa sita, na unaisha mwezi ujao.

Ofisi hii inaandikisha vizazi, ndoa na vifo. Ina madirisha saba na kompyuta thelathini na nane. Dirisha la kwanza na la pili ni ya watoto wachanga, na huko kuna vicheko na mabishano ya majina. Dirisha la nne ni la vifo. Kwa wastani watu ishirini na watano huketi pale kila siku, kila mmoja na karatasi ya hospitali mkononi, kusema jina la mtu ambaye hayupo tena.

Kila dirisha lina skrini mbili, moja ya karani na moja ya mteja. Zinaonyesha kitu kilekile. Ziliwekwa hivyo ili mteja asome jina likiandikwa, aone kama herufi ni sahihi kabla cheti hakijachapwa.

Miezi mitatu iliyopita ilikuja amri kutoka makao makuu. Kompyuta zote nchini ziwe na skrinseva moja, yenye picha za mkurugenzi siku ya uzinduzi wa mfumo mpya, ijitokeze kompyuta ikikaa dakika moja bila kuguswa, na karani akitaka kurudi kazini aingize nywila upya.

Mama Skrini ndiye aliyeziweka. Hilo halifichi.

"Nilizipanga zote thelathini na nane kwa mkono, na nikahakiki kila moja," anasimulia. "Kwanza nilijaribu kwenye mashine yangu kule stoo. Ina skrini moja tu. Nikaona picha zinapita vizuri, rangi nzuri, maandishi hayakatiki. Nikafurahi na kazi yangu. Nilikuwa nimekaa upande wa karani siku zote. Upande wa mteja sikuwahi kukaa hata siku moja. Ndilo kosa langu, na hilo ni langu peke yangu."

Siku ya tatu alifika seremala mmoja kuandikisha kifo cha mkewe.

Karani wa dirisha la nne ni mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Wote humwita Babu Muhuri kwa jinsi anavyogonga muhuri mara moja tu, katikati, bila kurudia. Amekaa pale miaka kumi na tisa na ana desturi yake. Akiuliza jina la marehemu na mtu akashindwa kulitamka, anaondoa mikono kwenye meza, anaipakata na kungoja. Hasemi "haya, endelea." Hagusi chochote.

"Mtu akikwama kwenye jina la mkewe unamharakisha uende wapi?" anauliza Babu Muhuri. "Wapo waliokaa dakika tano. Yupo mama mmoja alikaa robo saa. Foleni yote ikanyamaza, hakuna aliyelalamika. Watu wanajua."

Seremala alikwama. Babu Muhuri akapakata mikono. Dakika moja ikapita, na mbele ya uso wa yule mwanaume akatokea mkurugenzi na keki yake, anacheka, kisu kiko juu.

"Aliangalia ile picha," anakumbuka karani. "Akaniangalia mimi. Akasema, 'Mzee, mnanicheka?'"

Babu Muhuri alirukia kipanya. Keki ikaondoka, ikaja sehemu ya kuingiza nywila. Kwa haraka akaikosea mara tatu, mfumo ukamfungia. Fomu aliyokuwa ameshaijaza nusu ikapotea, ikabidi seremala aanze kusema yote upya: tarehe, saa, ugonjwa, jina.

Mama Skrini aliitwa haraka, bila kuelezwa kuna nini. Alikuja na bisibisi mkononi akidhani ni waya. Alimkuta seremala amesimama, kofia kifuani.

"Ni wewe umeweka ile picha?" seremala alimuuliza.

"Ni mimi, kaka."

"Wewe hujawahi kufiwa?"

"Nimefiwa."

"Sasa?"

Mama Skrini aliinama kwenye kibodi, akafungua nywila.

Alasiri hiyohiyo alikwenda kwa meneja wa ofisi. Karani wa masjala, ambaye meza yake iko mlangoni pa meneja, aliyasikia yote, na anayasimulia kwa sauti mbili kama anaigiza.

"Bosi, naomba dirisha la nne tuliondoe kwenye zile picha."

"Mama, ile ni taswira ya ofisi."

"Anayekuja pale hajaja harusini, bosi."

"Sera ni moja nchi nzima. Siwezi kuwa na skrini sita zinatabasamu na moja imenuna."

"Basi tuweke rangi tupu. Hata kijani."

"Skrini tupu watu watasema mashine imekufa."

"Bosi," Mama Skrini akasema, "pale kila mtu amekuja kwa sababu kuna aliyekufa. Mashine ndiyo itawashtua?"

Meneja alimwambia aandike maombi. Aliwaandikia makao makuu kwa njia ya mfumo wa malalamiko ya kiufundi, mara tatu. Mara zote tatu alipata jibu lilelile baada ya siku mbili: tatizo limetatuliwa, tafadhali tupe nyota kulingana na ulivyoridhika na huduma. Hakuna kilichokuwa kimetatuliwa.

Basi akaanza kuibadilisha mwenyewe skrinseva ya dirisha la nne. Wiki mbili baadaye makao makuu wakaweka programu inayorudisha picha kila kompyuta inapowashwa. Ndipo akaanza kufika saa moja na robo badala ya saa mbili.

Kinachomkera zaidi ni kwamba hakuna sababu ya kitaalamu. Anazijua skrinseva kuliko wengi. Alianza kazi akiwa msichana wa kufagia katika chuo cha uchapaji, zama za kompyuta zenye visogo vikubwa kama televisheni za zamani. Alikuwa akifuta vioo vyake kwa kitambaa kikavu, akiangalia mabomba ya rangi yakijichora na samaki wakipita. Mwalimu mmoja alimweleza kuwa si mapambo. Maandishi yakikaa mahali pamoja saa nyingi yalikuwa yanaunguza kioo, na alama yake haitoki tena.

"Niliiona kwa macho yangu. Kompyuta imezimwa, lakini fomu ya ada unaisoma kwenye kioo, kama kivuli. Kwa hiyo picha zile zilikuwa na kazi, zilikuwa zinatembea ili kioo kipone. Hivi vioo vya siku hizi haviungui hivyo. Wangeniambia wanalinda vioo, ningewaelewa. Wanalinda nini?"

Hapingi kompyuta kujifunga. Karani akienda chooni, majina ya marehemu wa watu hayafai kubaki wazi kwa kila mpita njia, na ndiyo maana hajaondoa alama ya tiki kwenye sharti la nywila. Anapinga dakika moja, na anapinga keki.

Gazeti hili lilimpigia simu msemaji wa makao makuu. Alisema picha zimepokelewa vizuri sana na wananchi. Alipoulizwa ni wananchi gani, akasema kwa ujumla. Alipoulizwa kama amewahi kukaa dirisha la vifo, alisema yuko kwenye kikao na angepiga baadaye. Siku tisa zimepita.

Hakuna aliyemtuma mtu kumwomba radhi seremala. Barua iliyoandikwa kuhusu jambo hili lote ni moja tu, nayo ni ya kumwonya fundi kwa "kuharibu mwonekano wa taasisi kwa makusudi." Ina mihuri miwili.

Nyumbani kwake, vyumba viwili na sebule yenye mashine mbovu mpaka chini ya makochi, habari hii imeleta maneno. Mumewe ni mpaka rangi, na kazi zake huja na kupotea. Wana watoto watatu na mama mkwe.

"Nilimwambia, mke wangu, umeajiriwa kutengeneza kompyuta, hukuajiriwa kutengeneza wakubwa," anasema mume, akikwangua rangi kavu kwenye kucha. "Keki ya mtu mwingine ndiyo itulaze njaa?"

"Na mimi nikamwambiaje?" mkewe anadakia kutoka jikoni.

"Ukaniambia niende nikakae pale."

"Ukaenda?"

Mume anacheka kidogo, halafu anaacha kucheka. Alikwenda. Alikuwa na cheti cha marehemu kaka yake ambacho familia haikuwa imekifuatilia kwa miaka minne. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ikazimika na kuwashwa upya, na picha zilikuwa zimejirudisha kabla mkewe hajafika.

"Sitaki kuieleza," anasema. "Siku hizi mimi ndiye ninayemwamsha. Namwambia amka, utachelewa dirisha la nne."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, anainua kichwa. "Huyo mwenye keki hana mama?" anauliza. "Hakuna wa kumwambia?"

Anarudisha macho kwenye mchele.

Jumatatu wiki hii meneja alimwita tena Mama Skrini. Alimwambia kwa upole kwamba akiacha tu mchezo huo hadi mkataba usainiwe, kamati itamsamehe. Tena akamkumbusha kwamba yeye ndiye pekee mwenye ujuzi wa kubadilisha mipangilio ile, hivyo hana pa kujificha.

Neno hilo la "pekee" alitoka nalo.

Mchana huo, wakati wa kula, aliwaita makarani wa madirisha yote saba, ambao hushikiana zamu hata kwenye dirisha la nne. Walisimama nyuma ya kiti, wengine na sahani mkononi. Akamkalisha Babu Muhuri mbele ya kompyuta, yeye mwenyewe akafunga mikono nyuma.

"Siigusi," aliwaambia. "Babu, bonyeza kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwa kipanya, Babu!"

"Mimi nimezoea muhuri, hauna kulia wala kushoto."

Walicheka. Ilimchukua Babu Muhuri mara sita. Mara ya nne alijikuta ameweka mapovu, yakawa yanapanda na kushuka kwenye skrini zote mbili, na karani wa ndoa akamwomba amwachie hayo dirishani kwake. Mara ya sita, Tupu, dakika kumi, Hakiki. Akaondoa mkono. Skrini zikawa nyeusi. Wakaja wengine, mmoja mmoja, mpaka wa saba. Mfagiaji aliyekuwa akipita na ndoo akasema naye anataka kujua, maana yeye ndiye huingia wa kwanza.

Sasa hatua zote zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, zimebandikwa chini ya kibodi. Ni mistari mitano.

Ijumaa saa nne Mama Skrini atakwenda kwenye kamati bila wakili. Hana mpango wa kuomba msamaha kwa kuweka skrini nyeusi. Anataka kuomba msamaha mmoja, nao ni kwa zile siku tatu za mwanzo, kabla hajajua mteja anaona nini, na anataka uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwa sababu hajui seremala anaishi wapi.

Mkataba ukiisha, atatengeneza kompyuta za watu pale sebuleni. Amekwisha kumwambia mumewe amchoree kibao. Tumaini lake ni kubaki, lakini anasema ameshajipanga kwa yote mawili.

"Meneja aliniuliza jana, nikiondoka na skrini ikaendelea kuwa nyeusi, barua ya onyo ataiandika kwa jina la nani," anasema, akifunga mkoba wake. "Nikamwambia, bosi, andika kwa majina manane. Na uanze na mfagiaji, ndiye mwepesi kuliko wote."