Barua ya Roshani

Mhandisi wangu alikuwa mtu wa kuchoka. Nimemfanyia kazi miaka kumi na tisa katika ofisi ya vyumba viwili, yeye na michoro yake chumba cha ndani, mimi na kompyuta yangu mlangoni, na sikumbuki siku aliyosema ameamka vizuri. Hesabu ya kila boriti aliirudia mara tatu. Nikimtania kwamba majengo yatamzika yeye kabla hayajapata ufa, husema, "Afadhali hivyo, dada."

Siku moja tu hakukagua. Mama yake alikuwa amelazwa, naye ameketi kando ya kitanda, fundi mkuu akapiga simu kutoka kwenye ujenzi. Nondo za roshani zimeshafungwa, zege liko njiani, wamwage au wasubiri? Yeye na fundi walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Mhandisi akasema, "Mwageni."

Nondo za roshani hukaa upande wa juu wa zege, maana huko juu ndiko uzito unakovuta. Vibarua walikuwa wamezikanyaga zikazama chini kabla ya zege kumwagwa. Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, ufa ukatokea pale roshani inaposhikana na ukuta, kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna aliyeumia. Roshani ilivunjwa, na mkandarasi akatuandikia kuuliza nani aliruhusu.

Watu wa bima walituonya tusikiri lolote kwa maandishi. Mhandisi aliwasikiliza, akakata simu, akaniambia niandike: "Fundi mkuu aliniuliza, nami niliruhusu kwa simu bila kufika kukagua."

"Bodi watakunyang'anya leseni, bosi."

"Andika tu, dada. Yule ana watoto, na mimi ndiye niliyesema."

Niliandika barua nzima, sentensi hiyo nikairuka. Nilimwonea huruma, na nisiseme uongo, niliionea huruma kazi yangu pia. Nilijiambia ataisoma, ataniuliza, nami nitaiweka. Lakini jioni alirudi kutoka hospitali, macho mekundu, hata koti hakuvua. Akatia saini bila kusoma. Ningeweza kumwambia asome. Niliichukua nikaipeleka.

Wiki mbili baadaye fundi mkuu aliingia kuaga, viatu vyake vya kazi vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mkandarasi amemfukuza. Hakuwa na hasira.

"Sidai kitu, Mhandisi. Nilidhani tu ungesema kwamba nilikuuliza."

"Mbona nilisema?" Mhandisi alishangaa kweli. "Iko kwenye barua."

Fundi akatikisa kichwa. "Nilionyeshwa hiyo barua. Haimo."

Mhandisi hakubishana naye. Alinigeukia taratibu, bado ananiamini kabisa.

"Dada, hebu lete nakala tumsomee."