Nilipokuwa Masikio ya Mama

Enzi zetu, enyi mliokulia Ibra pamoja nami, khabari haikumfuata mtu kitandani. Ilikuwa na saa yake. Baada ya alasiri redio inatolewa kabatini, inafutwa vumbi kwa kipande cha kanga, inawekwa juu ya mkeka karibu na dirisha, na watoto tunaambiwa tufyate ndimi. Nje wenzangu wanacheza mdako, nasikia vijiwe vinavyodakwa na wao wanavyozozana, na roho yangu iko huko huko. Lakini siendi. Mimi nina kazi.

Mama alikuja Omani kutoka Unguja na Kiswahili chake na sanduku la nguo. Kiarabu alikijua cha sala tu. Mimi skuli nilikuwa nakisoma kila siku, tena kwa bakora, basi akanifanya masikio yake. Nakaa ubavuni mwake, yeye anachambua mchele kwenye ungo, ananuka mafuta ya nazi na udi, na kila msomaji akishusha pumzi ananigusa goti. "Haya Zuwena, kasemaje?" Wallahi nilijiona waziri. Nikimaliza vizuri napewa kipande cha halwa, najilamba vidole mpaka Magharibi.

Sasa niseme kweli, maana sote tumeshazeeka. Sikuwa mwaminifu. Kulikuwa na rais mmoja wa nchi ya mbali, hata jina lake silikumbuki, akihutubia hamalizi. Mtu anasema weee, na huko nje mdako unaisha. Nikamchukia. Siku moja Mama aliponigusa goti nikamwambia, "Anasema mchele upandishwe bei dunia nzima." Yallah! Mama aliweka ungo chini akamlaani yule bwana mpaka ukoo wake. Kesho yake dhuha, wanawake wenzake wa Unguja walipokuja kunywa kahawa, khabari ikamwagwa pamoja na tende, na mtaa mzima ukawa hauna hamu na mtu yule. Mwaka mzima akitajwa tu, wanasonya. Mimi wa miaka tisa, nisiyejua hata kupika uji, ndiye niliyewapa maoni yao. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Na kazi ile sikuiacha. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, bado Mama akitaka kujua dunia inasemaje ananiita mimi. Hata uchaguzi uliopita wa Shura, baraza letu, tulipopigia kura kwenye simu, aliuliza, "Nimpe nani?" Nikamwambia, akampa.

Mpaka alipotokea Rahma na Korea yake.

Rahma ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na tisa, anasoma Nizwa na kila Alkhamisi anarudi. Vijana wa sasa, mtihani! Kiswahili chake kinachechemea, anasema "hii mtu", "kiti yangu", lakini Kikorea amekiokota kwenye tamthilia, anacheka kabla maandishi hayajatokea. Basi Korea wakaingia kwenye uchaguzi, na yeye akaja na simu akakaa ubavuni mwa Mama. Pale pale. Mahali pangu.

"Bibi, hii mtu ya miwani mwongo sana. Hii ya nywele nyingi ndiyo nzuri, anapenda masikini."

Mama akasogeza kichwa. "Ehe, kasemaje?"

Moyo ulinichoma kama nimemeza pilipili. Nikajitia na mimi kwenye mambo ya Korea, mtu mzima mzima, nikawa nasoma magazeti ya Kiarabu kwenye simu. Nikamwambia Mama mwenye miwani naye ana watu wake, na wazee wengi huko wanamtaka. Hakuniangalia hata usoni. "Wewe unajua Kikorea?" Halafu akanimaliza kabisa: "Shura ijayo nitamuuliza Rahma."

Wiki nzima sikulala vizuri. Ijumaa, Rahma alipoiacha simu yake mezani ikicheza, nikaangalia. Video zote za mwenye nywele. Ikiisha moja inakuja nyingine, na mwenye miwani akitokea basi ama anajikwaa au anatukana. Rahma mwenyewe alishaniambia kwamba huko Korea wazee wana chaneli zao na vijana zao, kila mmoja anasikia upande wake tu na kumwona mwenziwe kapotea. Hajui kama na yeye yumo humo humo.

Nikamwendea Mama mbio. "Mama, mtoto anakulisha upande mmoja. Kazi hii naijua, mimi mwenyewe nilikudanganya. Yule rais wa mchele hakusema lolote kuhusu mchele."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kiarabu cha redio nilikifahamu mwaka wa pili tu, mwanangu. Siku ile alikuwa anasema mambo ya bandari."

"Sasa mbona ulimlaani?"

"Ningekwambia nafahamu, ungekwenda kucheza."

Nilikaa kitako. Miaka yote ile. Nikamuuliza, na Kikorea je? Akasema hajui hata neno moja, wala hajali nani atawatawala watu wale, Mungu awape kheri. "Lakini nikiacha kuuliza, ataingia chumbani na simu yake afunge mlango. Siku hizi nyumba zina milango mingi."

Rahma akaingia na birika la chai ya maziwa, akamimina, akakaa. Enzi zetu redio ilikuwa moja na uongo ulikuwa mmoja, wangu, na tuliusikiliza tumegusana mabega. Siku hizi kila mtu ana wake kiganjani na anausikiliza peke yake. Mama alimgusa goti. "Haya, kasemaje?" Nami nilikaa upande wa pili wa mkeka na kikombe changu, nikamwonea wivu mtoto yule kuliko jana, maana jana nilidhani ameninyang'anya khabari tu.