Mlima Usio na Misheni

Nilimaliza gemu hiyo Jumamosi moja alasiri, nikiwa nimekaa sakafuni katika chumba changu cha kupanga, Kyebando, miguu imekufa ganzi. Mfalme dhalimu alianguka, kengele za mji zikalia, na majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye skrini, moja baada ya jingine. Miezi minane nilikuwa nimeishi na gemu hiyo. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyebaki na vyombo vichafu baada ya wageni wa sikukuu kuondoka.

Ilikuwa gemu ya aina ile ambayo ndani yake kuna nchi nzima. Unaumba mtu wako, unampa sura, kisha unakwenda unakotaka: misituni, mijini, mapangoni. Watu unaokutana nao wanakupa kazi, na kazi hizo tunaziita misheni. Mimi nilikuwa nimezimaliza karibu zote. Kilichobaki kilikuwa kuokota uyoga wa aina fulani na manyoya ya ndege kwa ajili ya mganga mmoja mlalamishi. Nilizunguka siku mbili tatu juu ya farasi wangu, nikiwa na silaha bora kuliko mtu yeyote katika nchi ile, sina wa kumpiga wala pa kwenda.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu Kampala. Nilitoka Nakuru kuja kufanya kazi katika duka la vigae na masinki kule Lubaga, na mwenzangu wa kaunta, Mganda wa rika langu, ndiye aliyeniambukiza gemu. Yeye alikuwa ameimaliza mapema na kwenda kuibadilisha na ya mpira. Nilipomweleza kuwa nami nimefika mwisho, alinipa pole kama ya msiba, akaniambia niipeleke diski kwenye duka la kubadilishana gemu mjini kabla haijapata mikwaruzo. Nikaiweka ndani ya bahasha, tayari kwa Jumatatu.

Jumapili ya wiki hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na Bwaise, mtaa wa bondeni, ikajaa maji kama kawaida yake. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa na kibanda cha unga wa muhogo na dagaa huko Bwaise. Alikuwa mama wa Kikongo, mjane, umri wake kama wa mama yangu, aliyetoka kwenye milima iliyo juu ya Uvira. Alirudi na magunia manne juu ya pikipiki mbili, yeye mwenyewe akitembea nyuma kwa miguu, kitenge kimelowa hadi kiunoni. Chumba chake kilikuwa kinavuja upande mmoja. Aliniomba nimwekee magunia mawili, nikayaingiza na kuyapanga ukutani. Aliporudi baada ya saa moja kuyakagua, alinikuta nimetoa diski kwenye bahasha, nikiiaga gemu yangu kwa matembezi ya mwisho.

Alikaa juu ya gunia lake akatazama. Baada ya muda akauliza ile ni nchi gani. Nikamwambia si nchi, ni mchezo tu, watu wameuchora. Akasema wameichora vizuri, udongo wake ni mzuri kwa viazi. Kisha akanyoosha kidole.

"Ule mama wa kuni, anaenda wapi?"

Barabarani kulikuwa na mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni. Nilikuwa nimempita mara mia. Hakuwa na misheni wala jina. Ukimsogelea anasema habari ya asubuhi, basi. Nilimjibu mama kwamba haendi popote, amewekwa pale kama pambo.

"Hapana, baba," akasema. "Mtu iko na mzigo, iko na mahali anapeleka. Mufuate."

Sikutaka kubishana na mtu mzima, kwa hiyo nikashuka kwenye farasi nikamfuata yule mwanamke wa kuni kwa miguu. Alivuka daraja. Akasimama kwenye kisima akanywa maji. Akapita nyuma ya kinu, kwenye kijia ambacho sikujua kama kipo, hadi kwenye kibanda chenye paa la nyasi. Akatua kuni, akajinyoosha mgongo, akaingia, akafunga mlango. Sisi tukabaki nje.

"Amefika," mama akasema, ametulia kabisa, akaenda zake kupika.

Mimi nikabaki na padi ya kuchezea mkononi. Kwa miezi minane nilidhani nimeijua ile nchi, kumbe nilikuwa nimesoma mabango tu. Jumatatu sikwenda mjini. Bahasha niliitumia kuwekea risiti.

Tangu hapo mama alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, akishabadilisha nguo na kula. Magunia yalikuwa yamekwisha kuondoka, lakini yeye alikuja na kigoda chake. Tulimfuata mvuvi, tukamfuata padri, tukamfuata mbwa mmoja hadi kwa mwenyewe. Halafu siku moja akaniuliza juu ya mlima.

Ulikuwa upande wa kaskazini, mrefu, kilele chake cheupe, ukionekana kutoka kila pembe ya nchi. Hakuna misheni hata moja iliyokupeleka huko. Nilimweleza kuwa haupandiki. Nilikuwa nimejaribu nikiwa na farasi, nikateleza. Nikajaribu kurukaruka kwenye mawe, nikaanguka nikafa. Mwenzangu wa dukani alikuwa ameniapia kwamba mlima ule ni picha tu, kama mlima wa kwenye kalenda, na kwamba aliyeutengeneza hakutarajia mtu afike.

Mama alisikiliza yote hayo. Kisha akauliza kama nchi ile ina mbuzi.

Mbuzi walikuwepo. Mbuzi wa porini, tena wengi, nami nilizoea kuwapiga mishale kwa ajili ya ngozi. Akaniambia niweke upinde chini, nikae nitazame wanakosimama. Tulitazama Jumapili nzima. Nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona zamani: mbuzi walisimama katikati ya ukuta wa mwamba, mahali ambapo mimi niliteleza kila mara. Kama gemu iliwaruhusu wao kusimama pale, basi pale pana ardhi ya kukanyaga, hata ikiwa nyembamba kama ubao.

"Iko njia," mama akasema. "Haiko kubwa, lakini iko."

Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, yeye na mama yake walibeba viazi kutoka juu milimani hadi soko la ziwani, siku mbili za mwendo, na kurudi na chumvi na sabuni. Hakuna aliyepanda kwa kunyoosha. Unakata kando, unakwenda kushoto mpaka mlima ukatae, ndipo unageuka kulia. Ukipata mfereji wa maji ya mvua unaufuata, kwa sababu maji yamekwisha kukutafutia mteremko. Njia ile alikuwa ameipita tangu ana miaka tisa hadi vita vilipowatoa. Aliyasema haya bila huzuni, kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi, huku akichora mlima wetu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita kwa kipande cha mkaa.

Tukaanza kupanda. Tuligundua kwamba baridi ya juu inaua, na kwamba dawa yake ni mchuzi unaopikwa kwa ule uyoga niliokuwa nimeudharau. Nikaokota uyoga kama mtu aliyeajiriwa. Tuligundua kwamba viatu vya chuma, fahari yangu, vinateleza, na kwamba viatu vya ngozi vya mwanzo kabisa wa gemu vinashika. Nilikuwa nimevitupa. Nilirudi kijiji cha kwanza kuvitafuta, nikavikuta kwa mwuza mitumba, na mama akapiga makofi kana kwamba ni yeye aliyepotelewa.

Jumapili ya tano tulifika juu sana. Mawingu yalikuwa chini yetu. Umeme ukakatika. Uliporudi, gemu ilituamsha chini kabisa, kwenye daraja, kwa sababu nilikuwa sijahifadhi mchezo popote njiani. Nilikasirika hata nikaitupa padi kitandani. Nilisema nimechoka, mwenzangu alisema kweli, ni mlima wa kalenda. Mama alisogeza kigoda chake karibu na kitanda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nipe mimi."

Hakuwahi kushika padi. Mtu wetu alizunguka kama kuku aliyefungwa mguu, akatumbukia mtoni, akazama. Majirani waliokuwa wakifua uani walikuja mlangoni kucheka. Mama naye akacheka, akajifuta vidole kwenye kitenge, akaanza tena. Jumapili hiyo na mbili zilizofuata hakugusa mlima kabisa. Alijifunza kutembea. Alimtembeza mtu wetu kandokando ya shamba la ngano, kwenye ukuta wa makaburi, juu ya gogo la kuvukia mto, akirudi na kurudi. Nami nikajifunza kukaa kimya, jambo lililonishinda zaidi kuliko mlima. Nilipotaka kumnyang'anya nimwonyeshe, alinipiga mkono kidogo, kama unavyompiga mtoto anayechovya kidole sufuriani.

Kisha Jumapili moja akaniambia nimwite yule rafiki yangu aliyesema ni picha.

Alikuja saa nane mchana kutoka Lubaga, amevaa shati la kanisani, akiwa na uhakika wake wote. Alimsalimu mama kwa heshima, nusu amepiga magoti kama wanavyofanya kwao, akapewa kitanda akae. Majirani wakajaa mlangoni na dirishani. Mama akakaa kwenye kigoda, kalenda yake ya mkaa imebandikwa kando ya runinga, akaanza.

Alikwenda polepole kiasi kwamba watu wawili waliondoka. Kushoto, mpaka mlima ukakataa. Kulia. Kwenye mfereji akapanda moja kwa moja, kisha akasimama na kumpa mtu wetu mchuzi kabla sijasema lolote. Alisimama kwenye kila ubao wa mbuzi, nami kazi yangu ikawa moja tu, kumkumbusha kuhifadhi. Mwenzangu aliacha kuegemea. Tulipopita mawingu alikuwa ameshuka kitandani, amekaa sakafuni karibu na skrini.

Chini ya kilele palikuwa na pengo. Ndipo nilipokuwa nimekufa mara tatu, kwa kuruka, nilipojaribu peke yangu usiku katikati ya juma. Mama hakuruka. Alimgeuza mtu wetu, akamwelekeza uso ukutani, akamsogeza upandeupande, nukta kwa nukta, visigino vikining'inia hewani. Mawe madogo yakabingirika chini na sauti yake ikapotea. Kisha mguu ukakanyaga theluji, kisha mguu wa pili, na mlima ukaisha.

Hapakuwa na sanduku la hazina. Hapakuwa na adui wala maandishi ya pongezi. Palikuwa na uwanda mdogo mweupe na upepo, sauti ya upepo ambayo katika miezi yote hiyo hatukuwahi kuisikia, kwa maana mtu fulani mahali fulani alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya pale tu. Mama akazungusha macho taratibu. Nchi yote ilikuwa chini yetu: mji wa kengele, mto, kinu, barabara zote nilizozikimbia nikiwa na haraka.

Mwenzangu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba lakini hapa hakuna kitu.

"Tuko sisi," mama akamjibu, bila kumtazama.

Watu wakapiga kelele. Wanawake wa uani walipiga vigelegele vya Kiganda, na mama mwenyewe akaweka padi juu ya kitanda kwa uangalifu, akainuka, akajifunga kitenge upya, akatoka nje kupokea mikono. Alizunguka ua wote, chumba kwa chumba, akiwaambia kwa Kiswahili chake na kwa Kiganda cha sokoni kwamba amepanda, amefika, na miguu haimwumi hata kidogo. Sijawahi kumwona mtu mwenye kiburi kizuri kama kile. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na furaha ambayo kumuua mfalme hakukunipa.

Mwenzangu alibaki ndani. Niliporudi nilimkuta ameinamia ile kalenda, anapiga picha kwa simu yake, sehemu kwa sehemu. Aliniuliza bila aibu kama duka lile la mjini linaweza kuwa bado na diski yake. Nikamwambia ajaribu.

Jioni hiyo mama alisonga ugali wa muhogo katika sufuria kubwa aliyoazima, akakaanga dagaa na kitunguu kingi, akatuita sote. Tulikula nje, tumekaa kwenye ndoo na vigoda, jua bado liko juu ya mabati. Mwenzangu alikula sahani mbili, shati lake la kanisani likapata mafuta, na kila alipomeza alimwuliza mama swali jingine juu ya lile pengo la mwisho, naye mama akamwonyesha kwa visigino vyake mwenyewe, akiwa amegeukia ukuta, ametandaza mikono, akisogea upandeupande huku sisi tukimshangilia.