Kompyuta ya Osmel Isiyokula Umeme

Huko mjini Bayamo umeme ukikatika hakuna anayeuliza kwa nini. Watu hutoa viti barazani. Osmel, fundi redio mwenye maneno mengi kuliko vifaa, aliapa kuunda kompyuta ya kubeba isiyojali giza. Akahangaika kutafuta prosesa, ule ubongo wa mashine. Zenye kasi alizitupilia mbali, maana zilimaliza betri ya pikipiki aliyoitegemea kuziwasha kabla hajakaa vizuri kitini. Mwishowe akapata moja ya bei chee, nzito kufikiri lakini haili kitu.

“Imemfuata bwana wake,” akawaambia majirani. “Inakula kidogo, inafikiri polepole, na ukiitukana haipandi joto.”

Jioni ile umeme ukakatika. Osmel akaiweka kompyuta kwenye meza ya barazani, akaiwasha, nayo ikawaka kweli. Mtaa ukapiga makofi. Akataka kuwaonyesha mtandao, lakini mnara wa simu nao ulikuwa umezimika. Basi akaanza kuwaeleza habari za prosesa. Hajafika popote, mama mkwe wake akaigeuza mashine, mwanga wa kioo ukaijaza meza, akamwaga kete za domino.

“Osmel mwanangu, ongeza mwanga kidogo, sioni kete zangu.”

Akaongeza. Angefanyaje?

“Mwezi mzima nachagua ubongo,” akamnong'oneza mkewe Niurka, “kumbe watu wanataka kioo tu!”

Niurka akabamiza kete yake mezani bila kumtazama.

“Usijali, baba Yaima. Hata mimi nilikupendea sura.”