Hibaq na Mpini wa Kitanda

Hibaq hakuwa na subira, na wala hakujaribu kuficha. Alilelewa Eastleigh katika duka la vitambaa la mama yake, ambako asiyepaza sauti hauzi kitu, na sauti hiyo akaibeba mpaka wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ndogo karibu na Tassia, alikokuwa muuguzi. Madaktari walimwogopa kidogo. Hata mumewe, Jimale, akishikwa na mafua alijikausha tu, maana mkewe angemrundikia mito mgongoni na kumkataza kushusha kichwa hadi asubuhi.

Wiki hiyo aliyemtoa jasho ni Kavinya. Mume wa Kavinya, Mwangangi, mchonga vinyago, aligongwa na pikipiki huko Muthurwa, mbavu zikavunjika, na sasa alipumulishwa na mashine kupitia bomba lililopita kinywani hadi kooni. Mbavu zilikuwa zimeanza kushika. Kilichobaki kuogopwa ni nimonia. Mwenye bomba hawezi kumeza wala kukohoa ipasavyo. Mate machafu, na chochote kinachopanda kutoka tumboni, huteremka kando ya bomba yakaingia mapafuni. Ndiyo maana kichwa cha kitanda huinuliwa na kinywa husafishwa kila mara. Daktari Nyawira alisema wazi: kifua kikibaki safi, Ijumaa bomba linatoka. Homa ikipanda, halitoki, na huenda Mwangangi asirudi nyumbani.

Basi Hibaq akazungusha mpini wa kitanda, kitanda chenyewe cha zamani, mpini mgumu kama nini, mpaka mgonjwa akainuka vizuri. Saa ya kuwaona wagonjwa ikafika, ikapita. Aliporudi akamkuta Mwangangi amelala kama ubao.

"Nani ameshusha hiki kitanda?"

"Ni mimi, sista," Kavinya akajibu bila wasiwasi wowote. "Alikuwa anateseka. Mgonjwa analala, hakai kama mtu anangoja gari. Na tukimwombea, lazima mikono ifike kifuani."

Alikuja na Ndete, mwenzake wa chama cha akina mama kanisani, na kwao kumwombea mgonjwa bila kumwekea mikono ni kazi nusu. Hibaq akaeleza. Kavinya akaitikia "ndiyo, sista" kwa heshima zote. Kesho yake kitanda kikawa chini tena. Hibaq akaeleza kwa sauti ya juu zaidi, akaitikiwa kwa heshima zaidi.

"Willis, huyu mathe atanimaliza!" alimlalamikia muuguzi mwenzake. "Ananiitikia poa, nikigeuka tu, kitanda chini!"

"Zii, ni wewe unamtisha," Willis akacheka. "Anakuogopa, so hakuskii."

Hibaq alikasirika, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli.

Siku iliyofuata akakuta kijiko. Kavinya ameinama juu ya mumewe, thamosi iko kando, anamdondoshea uji wa wimbi pembeni mwa bomba. Ati kidogo tu, wa kulowanisha ulimi. Hibaq akampokonya kijiko.

"Unataka kumuua? Huo uji unaingia kwa mapafu, mama! Mapafu!"

Safari hii Kavinya hakuitikia. Aliketi akalia.

"Tangu tuoane hajawahi kunirudia nyumbani nikakosa kumtilia kitu mdomoni. Hapa nakuja, nasimama tu. Nipe basi kazi, sista."

Hibaq alisimama pale na kile kijiko, hasira zote zimemgeukia yeye mwenyewe. Kelele zote zile za usifanye hiki, usiguse kile, na hakuna hata siku moja alimwambia mama wa watu fanya hivi. Akampa glavu na mswaki laini. Kavinya akasugua meno, fizi na ulimi polepole, Hibaq akivuta uchafu kwa kimrija.

"Haya yote yangeshuka ndani?" Kavinya akauliza.

"Yote."

Kavinya akatazama kitanda. Kisha akaenda mwenyewe kuuzungusha mpini.

Jioni ile homa ikapanda kidogo, na Hibaq alirudi nyumbani akashindwa kula. Ingemuuma sana kumpoteza mtu kwa uji ambao angeuzuia kwa maneno machache ya upole. Lakini homa ikashuka. Kavinya akawa anakuja anavaa glavu kabla hata ya salamu. Ijumaa, kifua kikiwa safi, bomba likatolewa.

Mwangangi akakohoa, akameza mate, akatafuta sauti.

"Shingo yangu," akakwaruza. "Nilazeni chini."

Ndete, kwa huruma, akanyoosha mkono kwenye mpini.

"Toa mkono hapo!" Kavinya akafoka, mpaka wodi nzima ikageuka. "Unataka kumuua?"

Hibaq akafungua kinywa amkemee kwa kupiga kelele kwenye wagonjwa. Akashindwa, kwa sababu alikuwa analia.